Nilivyowasimamisha waumini wa Kitandililo kwa heshima ya nguruwe

Jamani, nimetoka kuaibika mbele ya mwinjilisti.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu: santuri za zamani sana, zile nzito zinazovunjika kama sahani, za wanaume wanne wakiimba bila ala yoyote. Nikisikia sauti ya mtu aliyekufa zamani inatoka pale hai, mwili unanisisimka. (Mke wangu anasema ni baridi ya Njombe tu.)

Juzi nikaambiwa kuna mama mzee Kitandililo, Bibi Salome, ana santuri moja aliyoiacha marehemu mumewe. Gramafoni yao iliharibika wangali vijana, hajaisikia tangu hapo. Akaahidi: nikiweza kuiimbisha, ni yangu.

Basi leo asubuhi nimepanda basi hadi Makambako, gramafoni yangu ya kutia ufunguo nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nafika kwa Bibi, nakuta sebule imejaa. Majirani, wanakwaya, mwinjilisti na suti yake.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Nimewaita waje wasikie santuri ya mzee wangu. Aliupenda sana wimbo huu."

Akafungua kanga, akanipa santuri. Karatasi ya katikati ilikuwa imechubuka, limebaki neno moja la Kiingereza: "Morning", yaani asubuhi. Nikajua moja kwa moja ni asubuhi ya ufufuo. (Mtaalamu mimi.)

Nikatoa hotuba. Nikasema hawa ni watakatifu wanne wanaoimba kutoka karne iliyopita. "Naomba tusimame, tufumbe macho."

Wote wakasimama. Mwinjilisti akainamisha kichwa. Nikashusha sindano.

Kwanza mikwaruzo, kama mvua juu ya bati. Kisha zikaja zile sauti. Sijui niwaelezeje. Ya chini kabisa ilitetemesha vikombe kabatini, ya juu ilipaa taratibu, na zote nne zikakutana mahali pamoja. Machozi yalinitoka. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Bwana Yesu."

Ndipo jogoo akawika.

Nikadhani ni wa nje. Akawika tena, ndani ya gramafoni. Akafuata bata. Akafuata punda. Halafu yule mwenye sauti nzito akavuta pumzi na kukoroma kama nguruwe, kwa ufundi mkubwa, wenzake wakimwitikia kwa sauti zilezile za mbinguni.

Ilikuwa asubuhi ya shambani.

Hakuna aliyefumbua macho. Nadhani kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Wimbo ulipokwisha, mwinjilisti akasema polepole, "Amina."

Nikamgeukia Bibi Salome nimwombe radhi. Alikuwa ameketi chini, mabega yanacheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka hadi hawezi kupumua.

"Nimekumbuka," akasema. "Tukigombana, alikuwa anakuja nyuma yangu jikoni ananikoromea hivyohivyo mpaka nicheke. Nilikuwa nimesahau, mwanangu. Nilikuwa nimesahau kabisa sauti yake."

Kisha mwinjilisti akakohoa, akaniuliza kama inawezekana kurudia pale pa nguruwe.

Tumerudia mpaka mkono ukaniuma kwa kutia ufunguo. Santuri sikupewa, na gramafoni nayo nimeiacha palepale, maana ningewezaje kumnyang'anya Bibi sauti ya mumewe tena?

Sasa niko kwenye basi narudi Njombe. Mkikutana nami kesho, tafadhali, nisalimieni kwa lugha ya binadamu.