Uzinduzi wa Mitufaa ya Uani, Kawetele

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na hivyo nafasi yake nimeishika mimi, Mkuu wenu wa Wilaya; Mheshimiwa Katibu Tarafa, waheshimiwa wachungaji, mwalimu mkuu na kwaya yake, wazee wetu, wajumbe wa Isongole na Kiwira mliokuja kwa miguu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa nimemruka, ajihesabu ametajwa. (Makofi. Kwaya inasimama, inaambiwa ikae.)

Ndugu wananchi, katika zama hizi za soko huria, ambapo tufaa la Afrika Kusini limefika mpaka stendi ya Tukuyu likiwa limebandikwa kikaratasi kama mtu mwenye cheo, ofisi yangu ilijiuliza: mtu wa Rungwe ana mvua, ana ubaridi, ana uani, kwa nini asiwe na tufaa lake? Hapo ndipo nilipounda, kwa hekima zangu, Kamati ya Kitaalamu ya Kuchagua Aina, ikafanya semina elekezi Dar es Salaam, warsha Arusha, na upembuzi yakinifu katika hoteli ambayo matufaa huwekwa mezani bure. (Minong'ono.) Tulionja jekundu, tukaonja la kijani, tukaonja la njano. Jekundu linapendeza kwenye picha, la kijani linasemekana kuvumilia baridi ya Isongole, na la njano mke wangu amelisifu. Kwa hiyo, kisayansi, tumefikia asilimia tisini ya uamuzi. (Makofi hafifu.)

Lakini aina yoyote ya tufaa inataka jua, na jua la Kawetele lilikuwa limezuiwa na migomba. Ndiyo maana nilielekeza migomba yote inayozunguka nyumba ikatwe mara moja, ili tufaa litakapofika lisikute msongamano. Wengi mlisuasua, mkidai eti mgomba wa uani umeachwa na bibi na haukatwi ovyo. Mama Tupokigwe hakusuasua. Mjane huyu alikata migomba yake yote, akang'oa visiki, akachimba mashimo, akatia samadi. Huo ndio uzalendo. (Mama Tupokigwe anasimama: "Baba, mashimo yamejaa maji. Wajukuu wanauliza ndizi, nami nawaambia subirini tufaa. Miche inakuja lini?")

Swali zuri sana, mama, kaa. Tumelipokea na litafanyiwa kazi katika ngazi husika. Na usidhani jasho lako lilipotea, maana mikungu yako yote gari la ofisi liliikusanya, na kamati iliila katika kipindi chote kigumu cha uchambuzi wa aina, na nakiri hadharani kwamba ndizi zile ni tamu kuliko tufaa lolote tulilolionja. (Kicheko kimoja, nyuma. Mgambo anageuka.)

Sasa, nikisema tufaa, mjibu maendeleo. Tufaa! (Wachache: "Maendeleo.") Tufaa kila uani! (Sauti: "Liko wapi?")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Naishukuru kamati, ambayo jana ilinishauri kwamba, kwa kuwa hatujawahi kuagiza mche hata mmoja, wala hatujui unakouzwa, ni busara tuhamie kwenye zabibu. Na wewe, Mama Tupokigwe, nakushukuru kuliko wote: mashimo yako ni ya mfano, usiyafukie.

(Hakuna makofi. Mama Tupokigwe amemgeukia jirani yake Anneth, anamwomba machipukizi ya mgomba.)