Mashine Iliyotangazwa Maiti

Cédrick aliiona riziki yake ikija juu ya mkokoteni, ikisukumwa na mwanamke aliyelowa jasho. Riziki yenyewe ilikuwa mashine ya mtumbwi, na mwanamke alikuwa Mama Fidélie, muuza samaki wa ziwa Tshangalele.

"Inatembea dakika kumi, inapata moto kama mbabula ya kupikia, halafu inazima," alisema.

Cédrick, fundi ambaye soko zima la Kikula lilimjua kwa ovaroli iliyopigwa pasi na ulimi mtamu, aliichovya mashine kwenye pipa la maji, akaiwasha. Akatazama tundu dogo la ubavuni linalotema maji ya kupoza. Halikutoa hata tone. Akajua papo hapo: kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji kimekwisha. Ugonjwa mdogo kabisa. Akazima, akavua kofia kama mtu aliyeingia matangani.

"Mama, pole. Moteur ilisha kufa. Moto ilikula ndani yote."

"Yesu! Haiwezi kupona?"

"Hata benye kuitengeneza batalia tu. Lakini miye niko na huruma. Niachie hii chuma, nitakupa mifuko mbili ya makala."

Mama Fidélie akaipima akilini hiyo mifuko miwili ya makaa, akapangusa macho. "Basi ikae kwako. Samedi nitakuya na bantu ba kanisa tuiage, njo utanipa makala."

Alipokata kona tu, Cédrick akatuma picha kwa Étienne, mfanyabiashara wa Kambove aliyekuwa akitafuta mashine: *Nzima kabisa. Samedi asubuhi na mapema.*

Kilichobaki kilikuwa kuifikia pampu, iliyo ndani ya mguu wa mashine. Lakini bolti tano zilizoshika mguu huo zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa kitu kimoja na chuma. Siku ya kwanza alizinywesha mafuta ya mazutu na kuzibembeleza. Siku ya pili alizipasha moto, akazigonga polepole kwa nyundo, akakaza kidogo kabla ya kulegeza: robo mbele, robo nyuma, mafuta tena. Moja ilitoka pamoja na ngozi ya kidole chake. Siku ya tatu bolti ya mwisho ililia kilio kirefu, ikaachia, naye akaibusu. Akatia kigurudumu kipya, mali yake mwenyewe, na bolti akazipaka grisi.

Jumamosi Étienne alifika. Kamba ikavutwa, mashine ikanguruma, tundu likatema maji hadi kwenye viatu vyake. Dakika kumi. Dakika ishirini. Wala haikupata moto. Étienne alikuwa anaingiza mkono mfukoni nyimbo ziliposikika barabarani. Mama Fidélie alikuwa amewahi, na kwaya nzima nyuma yake.

"Haleluya! Papa Cédrick, si ulisema ilikufa?"

Majirani wakajaa. Cédrick akapiga hesabu. Akisema ameitengeneza, basi siku ile alidanganya. Akisema ilikufa, basi imefufuka, na aliyefufuka hurudi kwa watu wake.

"Ilikufa," akasema kwa sauti ndogo. "Ni... ni Mungu."

Étienne akautoa mkono mfukoni, mtupu.

Wanakwaya waliipandisha mashine kwenye mkokoteni. Mama Fidélie akamsogelea fundi sikioni.

"Bafundi batatu balikatala kufungua ile maboulons ya kutu. Nilijua muntu mwenye kuitaka moteur njo atazifungua."

Kwaya ikaondoka ikiimba na kupiga makofi. Cédrick, vidole vimefungwa vitambaa, alijikuta naye anapiga, na hakukosea mdundo hata mara moja.