Sindano Kumi na Sita na Ndege Asiye na Kosa

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeigundua siri ya Des Quirk! Ana miaka sitini na sita na paji la uso halina hata mstari mmoja. Kumbe ni sindano za kuondoa makunyanzi. Nimemsikia mwenyewe klabuni, nyuma ya chumba cha viatu, akipanga miadi kwa simu. Ndiyo maana Coral Petherick humchekea kila afunguapo mdomo. Na mimi, Clarrie Beddoes, nimetembeza barua miaka thelathini na moja chini ya jua la Queensland, Australia. Uso wangu umekunjamana kama bahasha iliyolowa.

Jumapili klabu yetu ina mashindano ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Tunaviringisha mipira mizito kwenye nyasi na kununiana hadi Krismasi. Coral hajacheza tangu mumewe, Ron, afariki mwaka juzi. Safari hii atacheza, na Jumamosi atataja mwenzake. Nampenda huyu mama. Haya, nimeandika. Miaka miwili namwekea chai mezani na sijathubutu kusema neno.

Nimepiga simu kliniki. Kesho saa tano asubuhi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimechomwa! Daktari alinihoji kwanza kwenye video, kisha nesi Shanae akanichoma mara kumi na sita, paji la uso na kando ya macho. Niliomba aongeze. Akasema hapana, baba, hii si mbolea.

Akanipa karatasi ya mambo ya kutarajia. Vinundu kama vya kung'atwa na mbu, vitaondoka ndani ya saa moja. Huenda damu ikavilia chini ya ngozi, kichwa kikauma kidogo. Nisisugue. Nisilale wala kuinama kwa saa nne. Nisikimbie, nisinywe pombe mpaka kesho. Na matokeo yataanza kuonekana baada ya siku tatu hadi tano, yakamilike baada ya wiki mbili.

Wiki mbili! Mashindano Jumapili! Mbona hawakuandika hilo dirishani?

Saa saba mchana nilipita klabuni, kupita tu. Coral alikuwa uwanjani peke yake. Akauliza kama ningependa kufanya mazoezi naye. Ningejibu nini? Niliinama mara arobaini na moja, nilihesabu. Mchezo wenyewe ndio kuinama. Tulicheka sana. Jioni nikasugua paji la uso kwa nguvu ili dawa iwahi kuingia.

Nimejitazama kwenye kioo mara tisa. Hakuna kitu.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa. Kando ya jicho la kushoto damu imevilia, doa la zambarau kubwa kama zabibu. Nilivaa miwani ya jua, lakini mlangoni Des akauliza mbele ya Coral kama nimepigwa na mke wa mtu. Watu wote wakageuka. Ubongo wangu ukatafuta neno, nikasema ni ndege. Yule mkubwa mweusi na mweupe anayetaga kwenye mkaratusi wa klabu. Kila Septemba ndege wa aina yake huwashukia wapita njia ili kulinda makinda, na mtu wa posta kudonolewa si ajabu. Wakaamini! Wakanipa kiti. Wakanipa keki.

Coral alikuwa nesi miaka thelathini. Aliinama akalitazama doa kwa karibu, harufu ya sabuni yake ikanifikia. Akauliza kama nina uhakika alikuwa yule ndege. Nikasema nina uhakika kabisa, nilimwona machoni.

Nilisahau kwamba Coral ndiye anayemlisha ndege huyo. Amempa jina, Kasisi. Hula nyama ya kusaga mkononi mwake tangu wiki aliyozikwa Ron.

Alhamisi, 12 Septemba

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii yangu imefika mpaka halmashauri ya mji. Katibu wa klabu amewaandikia. Mtu aliyejeruhiwa karibu na jicho, mzee, mwanachama mwenye heshima. Jumamosi saa nne anakuja mtu na wavu, amchukue Kasisi akamtupe porini umbali wa saa mbili. Makinda je? Katibu kasema huo ni utaratibu.

Des sasa anatembea na mwavuli na kumsindikiza Coral hadi garini. Mwavuli, na jua linawaka! Anafaidi jeraha langu, mnafiki yule.

Paji la uso bado linakunjika. Nimejaribu mara ishirini. Nimempigia Shanae kuuliza kama dawa ilikuwa mbovu. Akasema kwa upole nisome karatasi.

Ijumaa, 13 Septemba

Niliamka nimeamua kusema kweli. Nilimkuta Coral chini ya mkaratusi, Kasisi kwenye kiganja chake. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza tena, taratibu, kama kuna jambo nataka kumwambia.

Nilikuwa nalo mdomoni. Wallahi nilikuwa nalo. Kisha nikawaza, nikisema sindano, jina la Des litasomwa kesho. Nikamwambia sasa nakumbuka vizuri, alikuwa ndege mwingine. Mdogo zaidi. Akauliza wa rangi gani. Nikasema kijani. Coral akamrusha Kasisi mtini, akaenda zake bila kuaga.

Nilimkimbilia katibu kubadilisha ushahidi. Akasema mtu wa wavu haji kwa ajili ya ndege wa kijani ila kwa ajili ya fomu, na fomu imeshapokelewa.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeamka, dawa imeshika! Imeshika vibaya. Upande wa kulia laini, safi kabisa. Upande wa kushoto kope limelegea na kushuka, jicho nusu limefungwa. Nikijaribu kushangaa, nusu tu inashangaa. Kule kuinama na kusugua, sijui. Huenda ni hali ya hewa.

Nilikwenda hivyo hivyo. Mtu wa wavu alikuwa tayari ameegemeza ngazi. Des akaniona, akapiga kelele kwamba nimepata kiharusi, akanilaza kwenye nyasi na kukalia miguu yangu. Ambulansi ikaja ndani ya dakika saba. Wakaniambia nitabasamu, niinue mikono, niinue nyusi. Nyusi hazikuinuka. Wakaanza kutoa machela.

Ndipo Coral akapiga magoti kando yangu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Clarrie, utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Kumbe alijua tangu Jumatano. Alisema anatambua tundu la sindano hata gizani. Alikuwa akingoja nimtetee ndege kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema yote, nimelala chali, klabu nzima imenizunguka. Wa ambulansi wakanishauri niwapigie kliniki. Kope litapanda lenyewe baada ya wiki kadhaa. Mtu wa wavu akakunja ngazi yake. Des akasema yeye sindano zake alizitangaza tangu karamu ya Juni, na kila mtu akaitikia kwamba ni kweli. Hakukuwa na siri yoyote!

Coral akatoa fomu ya mashindano kwenye mkoba. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, tarehe ya Jumatatu, jina langu.

"Yale makunyanzi ndiyo niliyoyapenda. Ukicheka, mtu alikuwa anaona kweli umecheka."

Akaomba kalamu kwa katibu, akalikata jina langu, akaandika la Des.

Jumapili, 15 Septemba

Nimetazama mashindano nikiwa benchini. Walishindwa raundi ya kwanza na wakacheka njia nzima ya kurudi. Kasisi alitua begani kwa Coral. Mimi nililia, jicho moja zaidi ya jingine. Iliniuma sana, siwezi kudanganya.

Kisha nikatulia, nikafikiri kama mtu mzima. Coral anapenda makunyanzi. Sawa! Nimemwachia Shanae ujumbe na amenipigia, ingawa ni Jumapili. Dawa itaisha yenyewe, amesema, miezi mitatu hadi minne, nitulie tu.

Miezi minne! Nani ana miezi minne? Nimemuuliza kama wana sindano ya kuyarudisha makunyanzi. Akasema hakuna kitu kama hicho.

Hana ujuzi, maskini. Nimepata kliniki nyingine, mji wa pili. Kesho saa nne.