Jinsi Ghislaine Bellehumeur Alivyoliteka Benchi la Mbele

Jongeeni, enyi wa karibu na wa mbali, wekeni vikombe chini na wanyamazisheni wenye kikohozi, niwasimulie vita vya Ghislaine Bellehumeur, binti Léopold, mwana wa Ovila, mwana wa Zéphirin. Jemadari mwenye miwani ya kamba, aliyeinuka peke yake dhidi ya ukoo mzima wa Gaudreau kwa ajili ya benchi.

Kila kiangazi huko Anse-aux-Pommiers, ukingoni mwa mto Saint-Laurent, wazao wa Mathurin Gaudreau, aliyevuka bahari kutoka Ufaransa zama za wafalme, hukusanyika kwa misa kisha kwa pai za nyama, nao ndio wenye benchi la mbele. Akina Bellehumeur huketi nyuma, penye upepo wa mlangoni. Léopold alikaa huko maisha yake yote akiambiwa kwamba watu wake waliokotwa bandarini, na neno hilo lilimchoma hadi kaburini. Ghislaine alimpenda baba yake kuliko alivyoipenda amani.

Basi alishuka katika chumba cha chini ya kanisa, walalapo vitabu vya ubatizo na ndoa, akapigana majira matatu ya baridi na mwandiko wa mapadri waliokwisha kufa, akimsaka Bellehumeur wa kwanza kushuka melini. Hakumpata. Alilia, tusifichane, hata majemadari hulia.

Siku ya misa alimkuta Odilon Gaudreau, mlinzi mkuu wa benchi, ambaye kitambi chake humtangulia safarini, amekwisha kujitandaza juu yake.

"Vipi, Ghislaine, umempata babu yako?" akanguruma Odilon. "Au bado anaogelea?"

"Cheka tu. Hebu taja wa kwako, tusikie."

Odilon akajipiga kifua, akaporomosha nasaba kwa desturi ya kijiji, baba juu ya baba: "Mimi ni Odilon wa Armand, wa Télesphore, wa Magloire, mpaka kwa Mathurin Gaudreau, mume wa Perrine Chauvet, bibi aliyekuja na kasha moja na ulimi wa kumtosha mfalme!"

"Perrine Chauvet? Huyo si bibi yetu sisi? Baba alinitajia jina lake hata sijajua kusoma!"

"Mwibe mwingine, mama. Huyu ana mume wake. Au unataka kumwozesha tena hapahapa?"

Ndipo Ghislaine alipoona aibu, maana kosa lake mtoto yeyote wa nchi ile angelicheka. Katika vitabu vya kanisa mwanamke hubaki na jina la baba yake hadi anazikwa. Jina la askari wa kale ndilo lisiloaminika, kwa kuwa kambini alipewa la pili, na wanawe wakagawana, huyu akachukua hili, yule lile. Miaka mitatu alikuwa amemwinda bwana, na bibi harusi amekaa palepale akimngoja!

Akateremka ngazi kwa kishindo. Hakuchelewa kurudi, amekumbatia kitabu kikubwa cha ndoa kifuani, padri akimfuata nyuma: "Mama! Hicho hakitoki chumbani! Mama!"

"Soma, Odilon. Kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Odilon akasoma, sauti ikinywea kila neno: "Mathurin Gaudreau, aitwaye Bellehumeur, askari... na Perrine Chauvet."

Ghislaine akakifunga kitabu.

"Haya, nani aliokotwa bandarini?"

Odilon akakuna shingo. "Kama ni nyinyi, basi ni sisi sote."

"Sote. Sogea, binamu."

Na hapo, enyi wasikilizaji, Odilon Gaudreau akasogea. Mbao zililia, makalio yalikokoteka, na pakafunguka nafasi ya upana wa mkate ambayo vizazi na vizazi havikuthubutu kuidai. Ghislaine akaketi, paja moja likining'inia nje.

"Tumefika mbele, Baba," akasema, machozi yakimtiririka, na Odilon akampa leso yake mwenyewe bila kumtazama.

Tangu siku ile watu wa Anse-aux-Pommiers, wakitaja jambo lolote la zamani, huuliza kwanza kama lilitokea kabla ya Odilon kusogea au baada yake.