Vitofali Vilivyoita Mahudhurio

Jumatatu, 4 Juni
Mke wangu ametoa hukumu. Jumamosi wanakuja dada zake. Maharage yasipoiva kwa vitofali vyangu vya makaa, mashine ya kuvibania inakwenda kwa mnunua vyuma chakavu, na jiko linarudi kwa Gunia, muuza mkaa. Gunia! Mwanafunzi wangu wa zamani, mtoro sugu.

Vitofali vyangu hubomoka. Sababu ni rahisi: vumbi la mkaa halishikani lenyewe. Lataka karatasi zilizolowekwa zikawa uji. Ninayo madaftari ya mahudhurio ya miaka thelathini; nimeyaloweka.

Jumatano, 6 Juni
Jua kali, vimekauka. Vigumu ajabu. Nimewasha kimoja asubuhi: moto safi, bila moshi. Kisha jiko likaita jina la mtu, polepole, kwa sauti yangu ya ujanani. Likanyamaza kama linalosubiri. Likaita la pili.

Mke wangu aliniambia nizime redio. Nilimkumbusha kwamba redio haina betri tangu mwaka jana.

Alhamisi, 7 Juni
Nimegundua kanuni. Anayeitwa akiitika, kitofali huzimika. Fundi cherehani, jirani yetu, niliyemfundisha darasa la nne, alikuja kuazima chumvi. Akaitwa. Akasimama wima: “Nipo, mwalimu!” Jiko likapoa papo hapo. Malezi yangu mema yananiponza.

Dawa ni ndogo: aliyesoma kwangu asiingie jikoni.

Jumamosi, 9 Juni
Maharage yalikuwa yanatokota. Mashemeji sebuleni. Gunia akajileta mlango wa jikoni, eti kunisalimia. Nikamwonya asiitike. Akacheka, akaniuliza tangu lini yeye ameitika.

Jiko likaita jina la mdogo wake, yule aliyezama mtoni siku waliyotoroka shule pamoja. Gunia akaacha kucheka. Jiko likaita tena. Kutoka ndani ya sufuria, chini ya maji, sauti ya mtoto ikasema: Nipo.

Moto ukazimika. Sufuria ikawa baridi kama jiwe la mto. Gunia aliondoka bila kuaga, viatu ameviacha mlangoni. Mashemeji walikula mkate mkavu.

Jumapili, 10 Juni
Mnunua vyuma anakuja kesho. Mashine nimeificha uvunguni.

Kosa nimeliona: niliwatumia watu wenye mazoea ya kuitika. Karani wa ofisi ya makaburi ana madaftari ya zamani, manene, hayana kazi. Amenipa matatu, nimekwisha kuyaloweka. Humo hakuna hata mmoja wa kuitika.