Damu ya Kuazima

Jumatatu, 5 Mei 2025

Posa imekwama. Ami Idarusi, mshenga wangu, amerudi kutoka kwa kina Yumna na sura ya mfiwa. Bi Rufaida, mama wa binti, hataki kusikia habari za mahari kwanza. Anataka damu yangu! Alizika mwanawe kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na Yumna ameshapimwa: mzima, ila amebeba nusu ya ugonjwa. Nikiwa nami nimeubeba, wajukuu wataumia. Ami anaona mama ana haki. Mimi naona nimeonewa. Marehemu dada yangu alikufa kwa maradhi hayohayo, hajaanza hata shule. Tulimzika Malindi, na hapa Majengo hakuna ajuaye. Najua kipimo kitasema nini.

Jumatano, 7 Mei

Kimashine cha kupimia vinasaba kimefika, wamekiweka hemani karibu na ukumbi wa mtaa. Cha betri, kinaingia mfuko wa koti. Zamani damu ilipelekwa hospitali kubwa, majibu yakaja umeshasahau ulichougua. Sasa ni tone la kidole tu, kwa bei ya sahani ya pilau. Maendeleo yananiandama!

Nimepata wazo. Musab, mwenzangu wa benchi pale sokoni Kariokor tunakotengeneza akala, viatu vya ngozi na matairi, ana mwili kama mlango wa ghala. Aende yeye, ajiite Hanif. Nambari ya simu itakuwa yangu. Amekubali bila swali, eti ndugu husaidiana. Mtu ana moyo mweupe mpaka anachosha.

Alhamisi, 8 Mei

Ujumbe umeingia. "Hanif" amebeba selimundu! Mwenzi wake apimwe, na watoto pia. Na mwili wote ule! Nimejifungia chooni nikiusoma mpaka jirani akagonga.

Musab ana mke, na binti yao Shamsia ndiyo kwanza anasimama dede. Nilikusudia kumwambia. Akanitangulia kuuliza, anacheka, kana kwamba damu yake imeshaniozesha. Ningesema kweli, angempeleka mkewe hemani papo hapo, nesi Maurine wa kimashine angemtambua kuwa ndiye "Hanif", na Bi Rufaida angepata habari kabla ya magharibi. Nikamwambia damu ni safi. Alifurahi kuliko mimi. Bi Rufaida nimemwambia mtandao unasumbua.

Jumatatu, 12 Mei

Vidole vya Shamsia vimevimba. Akiguswa analia. Mamake alitaka kumpeleka kwa nesi Maurine apimwe selimundu, Musab akakataa. Kasema haiwezi kuwa hiyo, yeye mwenyewe kapimwa juzi na damu yake haina neno. Alinisimulia haya nimeshika gundi mkononi. Nikasema labda ni baridi ya Mei. Nimempelekea mafuta ya karafuu, chupa kubwa kabisa. Nimejisikia vibaya kutwa. Chakula kilinishinda, isipokuwa chapati.

Alhamisi, 15 Mei

Shamsia amelazwa. Homa, tumbo limejaa, damu imepungua mno. Wamempima: selimundu kamili. Daktari anasema angeletwa siku ile vidole vilipovimba, asingefika hapa. Hawajui kama atavuka.

Nilimkuta Musab nje ya wodi, ameshika viatu vya mtoto. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi niliufungua.

"Ile mashine ilikosea, Hanif," akasema. "Si ilisema niko sawa?"

Nikamwambia vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Akaniegemea begani akalia. Niliona haya, haya ya kweli, na kurudi nikarudi kwa miguu hadi Majengo.

Ijumaa, 16 Mei

Shamsia hajafumbua macho. Nimemwombea dua msikitini, ndefu kuliko zote nilizowahi kuomba.

Bi Rufaida amempigia Ami simu. Kimashine kiliondoka juzi, kinarudi kesho na nesi mwingine. Kama majibu yalipotea, basi nipimwe upya yaishe. Mama huyu ana subira. Nami nimekaa nikafikiri sana, maana jambo zito kama hili halimwachi mtu alivyokuwa. Kosa langu nimeliona: nilimtuma mtu mwenye mtoto. Okinyi, mkata ngozi wetu, hajaoa, na amekuzwa kwa samaki wa ziwani, damu yake haiwezi kuwa na kasoro. Kesho asubuhi yeye ndiye Hanif.