Kipande cha Mwizi Kifuani Mwangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maboksi mawili ya glavu yamepotea stoo ya chuo. Ufunguo ninao mimi. Msimamizi kaniita ofisini, hakunikaribisha kiti. Kasema mpaka Ijumaa mwizi apatikane, la sivyo nirudishe koti la ovaroli na fagio, niende zangu. Nilitaka kusema siyo mimi. Ikatoka "shikamoo". Mara ya pili asubuhi hiyohiyo!

Na mjomba ninayelala kwake alishasema, hafugi mtu asiye na kazi.

Nikaenda kudeki kwenye darasa la Daktari. Ni mama mnene, mpole, anafundisha mambo ya damu. Mi huwa nadeki pale mlangoni polepole ili nisikie. Leo kasema mwilini kuna seli ina mikono mingi. Ikikuta mdudu mgeni inammeza, inamkatakata, halafu kipande kimoja inakitundika nje, juu ya ngozi yake, kila mtu akione. Inakwenda nacho kwenye matezi. Kule wamejaa seli T, ndio askari. Kila askari anakijua kipande cha aina moja tu. Basi inawapitia, huyu siye, yule siye, mpaka ampate mwenye kukijua. Huyo akiamka anazaa askari maelfu kama yeye, wanamsaka mdudu mwili mzima.

Ndoo yangu ikalia kwii. Darasa zima likageuka. Nikatoka mbio.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata kipande! Kimenasa kwenye msumari wa mlango wa stoo. Kitambaa cha kahawia, cha mistari, ukubwa wa kiganja. Mwizi kachanika akitoroka, mjinga mkubwa! Nikakibana kwa pini kifuani, juu ya ovaroli.

Walinzi wako watatu. Wa getini kaniuliza kama nimeteuliwa waziri wa matambara. Siye. Wa maegesho kakitazama, kanitazama, kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Siye. Wa tatu ni Komando, mzee aliyekuwa jeshini, anakaa mlango mkubwa. Kakiona, kakunja uso. Kasema hiki anakijua.

Moyo dududu! Nikasubiri azaliane.

Kaendelea kunywa chai.

Jumatano, tarehe 5

Nimempitia Komando mara tisa, kifua mbele. Mara ya kumi kafumba macho kabisa. Kasema, "We kijana, nimeshaona. Niache basi nipumue."

Mchana nikadeki tena kule darasani. Mwanafunzi mmoja kauliza swali, Daktari kajibu kwamba kipande peke yake hakitoshi! Lazima seli itoe na ishara ya pili, ya kusema kuna hatari kweli. Askari akionyeshwa kipande bila ishara hiyo anazubaa. Ukimrudia kesho na kesho kutwa, hashtuki tena.

Ole wangu. Komando nimemzubaisha mwenyewe, mara kumi! Kwa nini Daktari hakusema Jumatatu? Labda alisema. Mi nilishakimbia.

Alhamisi, tarehe 6

Nimenunua filimbi.

Saa tatu asubuhi nikasimama mbele ya Komando, kipande kifuani. Nikasema "mwizi". Sauti ikatoka kama ya mbu. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba. Komando karuka! Kaita wa getini. Wa getini kaita wa maegesho. Kaja mtunza bustani na jembe lake, wakaja madereva wawili, na mama wa jikoni na mwiko. Wanazaliana! Raha ile siwezi kuiandika.

Kisha wakanikamata mimi.

Komando kaniambia nigeuke. Nikageuka. Kapandisha ovaroli nyuma, mbele ya watu wote. Suruali nimerithi kwa mjomba. Mbele imepaushwa na dawa ya kudekia, hata mistari haionekani. Kumbe nyuma bado kahawia! Na mistari! Na tundu! Komando kachomoa kipande kifuani kwangu, kakiweka pale. Kikaenea barabara. Kasema toka Jumamosi ananiona nikiingia asubuhi, sijavaa ovaroli, dirisha wazi nyuma, alinistahi tu.

Msimamizi kafika. Kasema, "Tazameni, mwizi kajileta mwenyewe, na filimbi juu!" Kanyoosha mkono nivue ovaroli. Nikaishika kwa mikono miwili. Bila ovaroli ningeaibika mara mbili.

Hapo Daktari katokea kuuliza nani anapiga makelele. Nyuma yake wanafunzi, wote wamevaa glavu. Msimamizi kaziangalia. Daktari kamwambia asante kwa ule ufunguo wa akiba wa stoo aliomwachia Jumamosi, maboksi mawili yametosha kabisa.

Msimamizi kaanza kukohoa. Kakohoa mpaka ofisini kwake.

Kazi ninayo! Nimefunga sweta kiunoni, siku nzima nimekaa nyuma ya matangi ya maji.

Ijumaa, tarehe 7

Daktari kaniita, kanipa kiti. Nikasimama pembeni ya kiti. Kasema, "Mwanangu, usione haya, hata mwili hukosea hivyo." Askari wanaonyeshwa kipande cha mwenye mwili, wanamvamia mwenyewe, na huo ni ugonjwa. Ndiyo maana askari hupitishwa kwenye mafunzo kwanza, na wanaoshambulia wa nyumbani wengi wanaondolewa. Kaniomba mambo ya mwilini niyaache mwilini. Nikasema ndiyo, mama. Nimeapa. Basi, yameisha.

Msimamizi naye kapita, kasema kikipotea kitu kingine, hata kijiko, nisimuage.

Sina wasiwasi. Wakati natoka nilimsikia Daktari akianza habari za chanjo. Unauonyesha mwili mdudu aliyedhoofishwa, asiyeweza kudhuru. Askari wanajifunza sura yake. Siku wa kweli akija, wanamdaka papo hapo. Hii sasa ndiyo yenyewe!

Nimeongea na binamu. Mguu umemteguka, kukimbia hawezi, kadhoofika vizuri tu. Jumatatu saa tatu atakuja kuiba sabuni moja, ndogo. Walinzi sijawaambia, wala msimamizi. Wakijua, chanjo haitashika.